Lugha Inayobaki Mjini: Uchaguzi wa Lugha ya Programu kwa Kampuni Changa za Mbeya na Iringa

Mwaka 2001 Paul Graham wa Marekani alichapisha insha ambayo wanaowafunda vijana waanzilishi wa kampuni za teknolojia wangali wakiinukuu. Yeye na wenzake walianzisha Viaweb mwaka 1995, mfumo wa kuwawezesha wafanyabiashara kufungua maduka mtandaoni, wakauandika kwa Lisp ilhali washindani wao walitumia lugha zilizozoeleka. Waliongeza huduma mpya kwa kasi ambayo wengine hawakuimudu, na mwaka 1998 wakaiuza kampuni kwa Yahoo. Kutokana na hayo Graham alihitimisha kwamba lugha za programu zinazidiana uwezo, kwamba kampuni changa ichague ile yenye uwezo mkubwa kuliko zote hata kama wanaoijua ni wachache, na kwamba kuangalia umaarufu wa lugha ni desturi ya makampuni makubwa yenye woga. Mwaka 2004 aliongeza hoja ya pili: lugha isiyo na soko la ajira huwavuta waandishi bora zaidi, kwa sababu anayejifunza lugha ya namna hiyo hafuati mshahara bali anaipenda kazi yenyewe.

Makala haya yanadai kwamba ushauri huo, ukipelekwa Mbeya na Iringa kama ulivyo, utaziua kampuni ambazo zingeweza kuishi. Sisemi kwamba Graham alikosea kuhusu Viaweb. Ninasema kwamba alilisahau jambo lililomfaa kuliko yote, yaani mahali alipokuwa. Viaweb iliandikwa Cambridge, Massachusetts. Hapo ndipo John McCarthy wa MIT alipoibuni Lisp mwaka 1958, na kwa karibu miaka arobaini chuo hicho na majirani zake waliendelea kuzalisha watu walioijua kwa undani. Lisp ilikuwa adimu duniani, lakini mjini kwa Graham ilikuwa na wenyewe. Mfumo ulipohamia Yahoo kule California mambo yakawa mengine: mwaka 2003 Yahoo ilitoa toleo jipya la kihariri cha maduka lililoandikwa kwa C++ na Perl. Graham analitaja tukio hilo katika tanbihi aliyoiongeza baadaye kwenye insha yake na kulipita. Kwangu mimi ndilo lenye mafunzo kuliko yote. Kampuni tajiri, yenye uwezo wa kumwajiri karibu yeyote, iliona ni afadhali kuuandika upya mfumo uliokuwa ukifanya kazi kuliko kuendelea kuutunza katika lugha ambayo watu wake hawakuwa nayo. Ikiwa Yahoo ilifika hapo, kampuni ya vijana wanne yenye ofisi ya kupanga Soweto au Mwanjelwa mjini Mbeya haina sababu ya kujiona imesalimika.

Swali linalostahili kutangulia mengine yote, basi, ni hili: mwandishi wa kwanza wa mfumo akiondoka, nani mwingine aliyepo mjini anaweza kuusoma msimbo aliouacha, kuuelewa na kuurekebisha kwa bei ambayo mteja anaweza kuilipa? Kasi ya lugha, usafi wa muundo wake na uwezo wake wa kubeba watumiaji wengi ni maswali halali, lakini ni ya daraja la pili.

Kuhusu ubora wa lugha zenyewe, tafiti zinatupa kidogo kuliko inavyodhaniwa. Lutz Prechelt (2000) alilinganisha programu 80 zilizoandikwa kwa lugha saba kutimiza kazi ileile, akaona kwamba tofauti kati ya mwandishi na mwandishi ndani ya lugha moja mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya lugha na lugha. Hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ulizuka pale Baishakhi Ray na wenzake (2014) walipochambua miradi 729 ya GitHub na kudai kwamba baadhi ya lugha huambatana na makosa machache kuliko nyingine. Walioisoma kazi hiyo kwa haraka walipata walichokuwa wakikitafuta: idhini ya kisayansi ya kumwambia mwanzilishi kwamba lugha fulani ni salama na nyingine ni hatari. Emery Berger na wenzake (2019) waliporudia uchambuzi huo hawakuyapata mengi ya matokeo hayo, na yale machache yaliyosalia yalikuwa na athari ndogo mno. Kwa mtu anayetafuta msingi wa uamuzi wa kibiashara, mjadala huo umekwisha: tofauti ambayo wataalamu wanashindwa kuithibitisha kwa mamia ya miradi haiwezi kuwa ndiyo inayoamua uhai wa kampuni moja ya Iringa.

Kazi iliyo karibu zaidi na hoja yangu ni ya Leo Meyerovich na Ariel Rabkin (2013), waliochunguza zaidi ya miradi 200,000 ya SourceForge pamoja na madodoso ya maelfu ya waandishi wa programu. Walionyesha kwamba watu huchagua lugha kwa kufuata maktaba za msimbo zilizopo, msimbo uliokwishaandikwa na uzoefu wao na wa timu zao, na kwamba sifa za ndani za lugha hazina uzito unaodhaniwa. Nakubaliana nao, ila wanaishia njiani. Wanaeleza kwa nini mtu huchagua, lakini hawafuatilii kinachotokea aliyechagua anapoondoka. Katika miji ambayo kila mwaka hupoteza sehemu ya vijana wake bora kwa jiji kubwa, hilo ndilo swali lenyewe.

Mji na ujuzi wake

Nyanda za Juu Kusini hazina uhaba wa vyuo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, pamoja na Mkwawa kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Iringa hiyohiyo ilipata RLabs, chipukizi la mradi ulioanzia Bridgetown mjini Cape Town, na Kiota Hub, katika miaka ile ambayo mradi wa TANZICT wa Tanzania na Ufini ulikuwa ukihimiza vituo vya ubunifu mikoani. Upungufu haupo kwenye kuzalisha wenye ujuzi. Upo kwenye kuwabakiza. Barabara inayoshuka Kitonga haipeleki Dar es Salaam viazi na mbao pekee. Kijana aliyeiva, mwenye miaka miwili ya kuandika mifumo halisi, huitwa na benki, kampuni ya simu au taasisi ya serikali, kama si Dar es Salaam basi Dodoma, kwa mshahara ambao kampuni changa ya mkoani haiwezi kuukaribia. Hana kosa. Lakini kampuni aliyoiacha nyuma inabaki na msimbo, na thamani ya msimbo huo kuanzia siku hiyo inategemea wanaobaki.

Lazima pia tuseme mfumo unatengenezewa nani. Wateja wa kampuni za aina hii ni chama cha msingi cha ushirika kinachopokea kahawa Mbozi, SACCOS ya walimu, mnunuzi wa parachichi Rungwe, shule binafsi, zahanati ya kanisa, wakala wa pembejeo Makambako. Watumiaji wao ni makumi, au mamia wakizidi sana. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji mfumo wa kubeba watu milioni kwa wakati mmoja. Wanachohitaji ni mfumo unaobadilika kanuni zinapobadilika, nazo hubadilika sana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kanuni zake za SACCOS za mwaka 2019, ziliuweka ushirika wa akiba na mikopo katika utaratibu mpya wa leseni na taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ilimgeuza kila mwenye orodha ya wanachama na namba zao za simu kuwa mtu mwenye wajibu wa kisheria. Kila badiliko la namna hii ni kazi ya mikono ndani ya msimbo: safu mpya katika kanzidata, ripoti mpya, ruhusa mpya za watumiaji. Mfumo wa SACCOS hauuawi na wingi wa watumiaji. Unauawa na kanuni mpya iliyotoka wakati mwandishi wake ameshahama.

Wenye malori ya barabara ya Tunduma wanaujua ukweli huu bila kufundishwa: hununua gari ambalo spea zake zinapatikana njiani na fundi wake yupo Mafinga na Uyole, hata kama lipo jingine lenye injini bora. Kwa programu, spea ni maktaba za msimbo na mifano iliyochapishwa, na fundi ni mhitimu wa mwaka jana anayetafuta kazi ya kwanza. Huyo mhitimu anajua nini? Katika vyuo vya Tanzania mpangilio wa kawaida ni C au C++ kwa misingi, Java kwa uandishi wa mifumo mikubwa, PHP pamoja na MySQL kwa tovuti, JavaScript inayokuja nayo bila kuepukika, na katika miaka ya karibuni Python. Hilo ndilo ghala la mji. Mwanzilishi anaweza kulidharau, lakini hawezi kulibadilisha kabla fedha zake hazijaisha.

Funzo la DHIS

Ushahidi ninaoutegemea zaidi hautoki kwenye kampuni changa, kwa sababu kampuni zikifa hazichapishi historia zao. Unatoka kwenye mfumo ambao umeandikiwa mengi kuliko karibu mfumo mwingine wowote uliowahi kutumika Tanzania, na ambao takwimu za kila zahanati ya Kilolo na Rungwe hupitia ndani yake: DHIS, mfumo wa taarifa za afya unaobeba takwimu za MTUHA. Mfumo huu umepita katika mabadiliko mawili ya lugha mbele ya macho yetu, na kila badiliko lilihamisha madaraka kutoka kwa watu fulani kwenda kwa wengine.

Toleo la kwanza lilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya uchaguzi wa 1994, ndani ya mradi wa taarifa za afya wa HISP uliowaunganisha watafiti wa huko na Chuo Kikuu cha Oslo. Liliandikwa juu ya Microsoft Access. Kwa vipimo vya kiufundi lilikuwa na udhaifu ulio wazi: lilifungwa kwenye Windows na Office, kila kompyuta ilikaa na data yake, na kuunganisha wilaya na mkoa kulihitaji kubeba mafaili. Lakini lilikuwa na fadhila moja kubwa. Afisa takwimu wa wilaya aliyejifunza Access kwa wiki chache aliweza kufungua majedwali, kuuliza swali lake na kujitengenezea ripoti bila kumwomba mtu ruhusa. Toleo hilo lilifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Honest Kimaro na José Nhampossa (2005), wakilinganisha Tanzania na Msumbiji, walionya kwamba mifumo ya taarifa za afya katika nchi hizi haidumu kwa sababu ujuzi wa kuitunza haujengwi mahali inapotumika, na kwamba mfadhili akiondoka, mfumo humfuata.

Katikati ya muongo huo Oslo iliamua kuandika upya kila kitu kwa Java. Sababu zake zilikuwa nzuri, na lazima zitajwe kwa haki: toleo jipya, DHIS2, lingekuwa programu huria, lingefanya kazi kwenye mfumo endeshi wowote, na lingefikiwa kupitia kivinjari kutoka seva moja. Lilitumika kwanza Kerala, India, mwaka 2006. Nia ilikuwa kwamba waandishi wa programu wa India, Vietnam, Ethiopia na kwingineko wawe washiriki sawa katika kulijenga. Kilichotokea ni tofauti, na Knut Staring na Ola Titlestad (2008), waliokuwa ndani ya mradi, wamekieleza bila kuficha. Java yenyewe ilifundishwa kila mahali. Lakini Java ya DHIS2 ilikuja na viunzi vyake, Spring na Hibernate na vingine, na desturi za kazi zilizohitaji miezi mingi kuzizoea pamoja na intaneti ya uhakika wakati wote. Ngazi ya kuingilia ilipanda. Kiini cha mfumo kikabaki kikiandikwa zaidi Oslo, na nchi zilizokusudiwa kuwa wajenzi zikawa zaidi wasimikaji na watumiaji. Badiliko lililofanywa kwa jina la uwazi liliwafungia nje, kwa muda, watu ambao Access iliyofungwa kwa leseni ilikuwa imewafungulia mlango.

Tanzania ilikamilisha kusambaza DHIS2 nchi nzima mwaka 2013, na kazi kubwa ilifanywa na timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Wizara ya Afya. Kazi hiyo ilikuwa ya kusanifu fomu, kuandaa seva, kufundisha wilaya baada ya wilaya. Ilikuwa kazi ngumu na ya heshima, lakini haikuwa kuandika kiini. Kisha likaja badiliko la pili. Katika miaka hiyohiyo DHIS2 ilifungua njia ya kuusemesha mfumo kwa kiolesura cha mtandao, ikaruhusu programu ndogo kuandikwa kwa JavaScript na kusimikwa juu yake bila kugusa Java iliyo chini. Timu ya Dar es Salaam, ambayo kwa miaka ilikuwa msimikaji, ikaanza kuandika: jedwali la alama kwa viashiria vya afya, na programu ya kuchambua vikwazo vya utoaji huduma iliyotengenezwa kwa ushirikiano na UNICEF, vyote vikatumika hata nje ya Tanzania. Taasisi ilikuwa ileile, watu wa aina ileile, wizara ileile. Kilichobadilika ni lugha iliyosimama mlangoni.

Najua mtu atasema kwamba mambo mengine nayo yalibadilika. Nyaya za baharini zilifika pwani yetu kuanzia 2009, Mkongo wa Taifa ukasogea bara, fedha zikaongezeka, timu ikakomaa. Yote ni kweli, na sidai kwamba lugha peke yake ilileta tokeo hili. Nadai kwamba fedha na intaneti zisingetosha kama mlango ungebaki ni Java yenye viunzi vyake, kwa sababu intaneti bora haipunguzi miezi ya kujifunza, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana miezi hiyo.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watetezi wa lugha nzito wataipenda, nami siikwepi. Uamuzi wa Oslo haukuiua DHIS2. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 70, na uimara wa kiini chake cha Java ni sehemu ya sababu. OpenMRS ilipita njia inayofanana: mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kwa Access katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001, uliandikwa upya kwa Java na kuenea duniani. Lakini tazama nani aliubeba mzigo. Nyuma ya DHIS2 kuna idara ya chuo kikuu yenye wafadhili wa kudumu. Nyuma ya OpenMRS kulikuwa na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana. Lugha inayodai mengi inahitaji taasisi inayolipia mwendelezo wake mwaka hadi mwaka, ikisomesha wapya kila wa zamani wanapoondoka. Kampuni changa ya Mbeya haina Oslo.

Pingamizi

Pingamizi linalotolewa mara nyingi ni WhatsApp. Kampuni hiyo ilitumia Erlang, lugha ambayo wachache waliijua, na iliponunuliwa na Facebook mwaka 2014 ilikuwa ikiwahudumia watu takriban milioni 450 kwa wafanyakazi wapatao hamsini tu. Mfano ni wa kweli, lakini unathibitisha kinyume cha unavyotumiwa. WhatsApp haikuanza kwa kuvutiwa na Erlang. Ilianza kwa kuchukua ejabberd, seva ya ujumbe iliyokuwa tayari imeandikwa kwa lugha hiyo. Ilifuata msimbo uliopo, kama Meyerovich na Rabkin wanavyotabiri. Nchi jirani inatupa mfano unaotuhusu zaidi: Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya katika machafuko ya baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, ulienea kwa toleo la PHP lililojengwa juu ya kiunzi cha Kohana. Wapenda usafi wa lugha hawakuipenda PHP wakati ule na wengi hawaipendi hata sasa. Lakini mtu wa kujitolea katika nchi yoyote aliweza kuusimika mfumo huo kwenye huduma ya bei nafuu ya kuhifadhi tovuti na kuubadilisha atakavyo.

Pingamizi la pili ni jipya: kwamba akili mnemba imeliondoa tatizo, kwa kuwa mashine sasa inaweza kuandika na kueleza msimbo wa lugha yoyote. Nalichukulia kwa uzito, na bado naona linaegemea upande wangu. Mashine hizi zimefundishwa kwa msimbo uliopo hadharani, hivyo zinajua zaidi lugha zenye msimbo mwingi hadharani, nazo ni zilezile zilizo kwenye ghala la mji. Isitoshe, mkopo wa mwanachama wa SACCOS ukikokotolewa vibaya, mrajisi wa ushirika hataiita mashine. Atamwita meneja, na meneja atahitaji binadamu anayeweza kuusoma msimbo na kuweka saini yake chini ya maelezo.

Wapo pia wanaosema kikwazo halisi ni Kiingereza, na kwamba lugha kama Nuru, ambayo maneno yake ya amri ni ya Kiswahili, ingefaa kuanzia. Naiheshimu Nuru na ningependa kuiona katika kila shule ya sekondari ya Tukuyu na Ilula, maana mwanafunzi anayeelewa mantiki ya programu kwa Kiswahili ameshavuka mto mkubwa. Lakini mfumo wa kampuni unasimama juu ya maktaba za malipo, za ripoti, za usalama, na hizo kwa Nuru bado. Kuipenda ni kuwajengea watoto. Si kuutwika ushirika wa wakulima mzigo wa majaribio.

Pingamizi zito kweli ni hili: tukichagua kila mara lugha ambayo mji tayari unaijua, mji hautajua nyingine kamwe, na baada ya miaka kumi tutakuwa tumejifungia kwenye ujuzi uliochakaa. Sina jibu linaloliondoa lote. Naweza kusema kwamba ghala la ujuzi hubadilika, Python ikiwa shahidi, lakini hubadilishwa na vyuo, si na kampuni zenye fedha za miezi sita. Naongeza kwamba umaarufu hauleti uthabiti. JavaScript ni lugha ya wengi, lakini viunzi vyake hufa mapema: AngularJS, iliyofundishwa na kutumiwa kwa shauku kubwa, ilikoma kuhudumiwa rasmi mwishoni mwa 2021, na waliojenga juu yake walilazimika kuandika upya. Python 2 ilifika mwisho wake Januari 2020. Kwa hiyo kigezo changu kinahitaji nyongeza: ndani ya lugha iliyopo mjini, mwanzilishi achague kiunzi kilichokomaa na chenye matoleo yanayorithiana, hata kama kimepoteza mvuto. Aangalie pia mmiliki. Mgogoro wa Oracle na Google kuhusu Java, uliofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 2021, hauwezi kumfikia mtu wa Iringa kwa hati ya mashtaka, lakini unamkumbusha kwamba lugha inayoshikiliwa na kampuni moja, kama Dart ilivyo kwa Google, hutegemea vipaumbele ambavyo yeye hana sauti juu yake. Kuna mazingira machache ambayo ningemruhusu kuthubutu: programu ya simu za bei ya chini inayopaswa kufanya kazi bila mtandao huko Makete haiwezi kuamuliwa kwa kuangalia wahitimu tu, maana simu ikikwama mkulima haitumii tena.

Kutokana na hayo napendekeza kipimo kinachoweza kutumika kabla mstari wa kwanza haujaandikwa. Mwanzilishi aweze kutaja watu watatu wanaoishi mjini kwake, wasio waajiriwa wake, ambao wakipewa msimbo huo leo wanaweza kufanya marekebisho madogo ndani ya wiki moja. Akiwakosa, lugha hiyo si yake, iwe na sifa zozote. Kwa Mbeya na Iringa za sasa, na kwa wateja niliowataja, kipimo hicho kinaruhusu PHP au Python upande wa seva na JavaScript upande wa kivinjari. Java inapita tu pale ambapo kampuni ina mkataba wa miaka mingi unaoweza kulipia mafunzo ya wapya. Lugha nyinginezo zote, kwa maoni yangu, zisubiri.

Ombi langu la mwisho ni kwa idara za kompyuta za MUST, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika mfumo mpya kuanzia sifuri, huutetea mbele ya jopo, kisha mingi ya mifumo hiyo haifunguliwi tena. Nusu ya miradi hiyo iwe kazi ya kurekebisha mifumo iliyopo tayari katika ushirika, shule na zahanati za mikoa hii, iliyoandikwa kwa lugha zinazofundishwa darasani, na alama zitolewe kwa uwezo wa kusoma na kutengeneza msimbo wa mtu mwingine. Jambo hilo halihitaji mfadhili wala sera mpya ya taifa. Linahitaji kikao cha bodi ya idara, na linaweza kuanza na mwaka wa masomo ujao.